Nusu ya Sheria

Idefonsi alipofika, Francisca alikuwa amekaa kwenye mkeka uani akipepeta maharage. Mzee huyo aliegemeza baiskeli yake kwenye mparachichi, akavua kofia, akaivaa tena, akaivua. Francisca akajua kwamba hakuja kwa habari za kwaya wala za kufagia kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Mwalimu."

Kila mtu pale Murukulazo alimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha shuleni. Alikuwa katekista wa kigango kwa miaka thelathini na mmoja. Padri alifika mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili barabara ikiwa kavu. Siku nyingine zote Kanisa lilikuwa Idefonsi. Ndiye aliyefundisha watoto amri kumi, aliyezika, aliyeamua nani aandikwe kwenye orodha ya ubatizo na nani asubiri.

Alikaa kwenye kigoda, akatazama maharage.

"Tomasi anaumwa," alisema.

Francisca aliendelea kupepeta. Akina Tomasi walikuwa wengi. "Tomasi gani?"

"Wako."

Ungo ukatulia. Ilikuwa miaka ishirini na miwili tangu Tomasi aondoke nyumbani hapo kwenda kuwa utingo wa malori yanayopita Rusumo. Miezi ya mwanzo alituma salamu. Kisha salamu zikakoma, na baadaye watu wakaja na habari kwamba ameweka kambi Lusahunga, anaziba matairi kando ya barabara, na anaishi na mwanamke wa Kisukuma anayewapikia madereva. Francisca alilia mwaka mmoja. Mwaka wa pili alilima.

"Ni kiharusi," Idefonsi akasema. "Mwaka wa tatu huu yuko kitandani. Sasa hali imekuwa mbaya. Anashika rozari na kuonyesha msalaba kwa kidole: anataka sakramenti. Yule mwanamke ndiye aliyenipigia simu, namba alipewa na dereva mmoja wa huku kwetu. Nimemwambia ukweli, kwamba akiwa ndani ya nyumba ile hawezi kupata kitu. Anaishi kwenye dhambi. Ni lazima atoke kwanza, arudi kwa mke wake wa ndoa."

"Kwangu."

"Mke wake ni wewe, Francisca. Hakuna mwingine."

Francisca alimtazama. Idefonsi alikuwa amezeeka; shingo yake ilikuwa imekonda ndani ya kola ya shati. Haikuwa mara ya kwanza mzee huyo kukaa pale na kumwambia maneno hayo. Miaka kumi na minane iliyopita, Juvenali, mjane mwenye shamba kule bondeni, mtu mpole asiyekunywa pombe, alikuwa ameleta neno kwa heshima kupitia shangazi yake. Alitaka kumwoa. Binti wa Francisca, Priscila, alikuwa mkubwa tayari na alimpenda Juvenali kama baba. Idefonsi alikuja na Biblia, akasoma: alichokiunganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe. Akafunga kitabu. Akasema, "Hii si sheria yangu. Ingekuwa yangu, ningekuonea huruma." Francisca akamrudishia Juvenali jibu. Juvenali alisubiri miaka miwili, kisha akamwoa Nyirabahizi, na wakazaa watoto watano.

"Mwalimu," Francisca akasema, "sheria ile ilinizuia nisipate mume mzima. Leo inaniletea mgonjwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua ni mzigo. Lakini sheria ya Mungu haiangalii kama tumechoka."

Francisca aliinua ungo, akautikisa, makapi yakaruka. Angeweza kusema hapana. Alilitafuta neno hilo moyoni, akaona kwamba hata kulitamka kungehitaji nguvu, na baada ya kulitamka ingebidi alitetee mbele ya jumuiya nzima, yeye aliyekuwa mwenyekiti wao, yeye aliyewakumbusha wanawake wengine mara ngapi kwamba ndoa ni moja.

"Mleteni," akasema.

*

Walimleta siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa gari dogo lililojaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nyuma alikuwapo Tomasi, amelazwa, miguu imekunjwa, na kichwa chake kiko kwenye mapaja ya mwanamke mpana, mweusi, mwenye khanga mbili na uso uliolowa jasho. Alikuwa amekaa hivyo tangu Lusahunga, bila kusogeza mguu, asije akamwamsha.

"Shikamoo, dada," mwanamke akasema kabla hajashuka.

Francisca alikawia. "Marahaba."

"Mimi ni Kwandu."

"Najua."

Walimbeba wakiwa wanne: dereva, Idefonsi na wanawake hao wawili. Alikuwa mwepesi. Francisca alimkumbuka Tomasi mwenye mabega; huyu alikuwa mifupa, na mdomo umevutwa upande mmoja. Macho tu ndiyo yalikuwa yake. Alipomwona Francisca, yakajaa machozi, na mdomo ukatoa sauti nzito, isiyo na umbo, kama mtu anayeongea na chakula kinywani.

Kwandu alimfunika, akamsogezea mto, kisha akaanza kuelekeza. Alizungumza kwa haraka, akihesabu kwa vidole, kama anayeogopa kusahau.

"Usimlaze chali, atapaliwa. Mgeuze kila baada ya muda, asubuhi, saa nne, saa sita, hivyo hivyo. Hapa kwenye nyonga kuna kidonda cha kulalia, kilikuwa kikubwa, sasa kimeanza kufunga. Kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Uji wake usiwe mwepesi, mwepesi unaingia njia ya hewa. Mpe kwa kijiko kidogo, subiri ameze, ndipo uongeze. Na akisema lile neno lake, mpe maji."

"Neno gani?"

"Hilo analosema sasa. Kiswahili kilimpotea siku ile alipoanguka. Amebaki na Kihangaza tu, nami sikijui, na ulimi wenyewe ndio huo. Majirani Wahangaza niliwaita, nao hawakuelewa. Lakini nikimpa maji ananyamaza."

Francisca aliinama karibu na mdomo wa Tomasi, akasikiliza. Sauti ilitoka tena, imevunjika. Alikuwa ameishi na mdomo huo miaka kumi na miwili, akausikia ukiwa mlevi, ukiwa na usingizi, ukiwa na homa. Alielewa. Akajiinua, akanyoosha shuka.

Idefonsi alikuwa amesimama mlangoni. "Mama," akamwambia Kwandu, "tunashukuru. Dereva anasubiri. Si vizuri wewe kulala kijiji hiki. Watu wakikuona hapa, itakuwa kama hajaachana nawe."

Kwandu alijifuta jasho usoni. "Mimi nilikuwa nataka nimwogeshe tu, ametoka safarini."

"Mke wake atamwogesha."

"Sawa." Akavuta khanga begani. "Sisi kwetu tulikotoka hatuna kitabu. Lakini mama yangu alinifundisha kwamba kuna mambo ukiyafanya, mvua itakuuliza. Ninyi mna kitabu. Basi mnajua zaidi."

Alimwinamia Tomasi, akampapasa kichwa mara moja, akatoka. Francisca alisikia mlango wa gari ukifungwa, kisha ukafunguliwa tena, na Kwandu akarudi akikimbia na chupa ya mafuta ya kumpaka miguuni, aliyokuwa ameisahau. Akaiweka kizingitini. Hakuingia.

*

Siku zilizofuata Francisca alifanya yote. Alimgeuza, akakiosha kidonda, akakoroga uji mzito. Asubuhi alikwenda shambani kwa saa mbili na kurudi mbio. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na mgongo wake ulikuwa umeinama kwenye jembe tangu utotoni. Kufikia siku ya sita hakuweza kuunyoosha. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali rozari, wakamsifu kwa uaminifu wake, wakaenda zao.

Tomasi hakula vizuri. Alimeza vijiko vitatu, akafunga mdomo. Alitazama mlangoni. Mara nyingine alisema neno lile, na Francisca hakumpa maji. Alikaa akimtazama, asijue ajibu nini. Siku moja alimwambia kwa Kihangaza, bila hasira, "Nimekusikia. Nyamaza upumzike." Naye akanyamaza.

Hakuona upendo moyoni mwake. Alikuwa akiutafuta kwa sababu alifundishwa kwamba ukitii, neema hufuata. Aliona uchovu tu, na chini ya uchovu huruma kidogo, ile ambayo mtu huwa nayo kwa mgonjwa yeyote.

Siku ya kumi na moja padri alikuja. Alikuwa Padri Marcel, kijana aliyehamishiwa parokiani mwaka huo, mwenye viatu vilivyochakaa kwa sababu pikipiki ya parokia ilikuwa mbovu na njia nyingine alizimaliza kwa miguu. Idefonsi alimsindikiza. Wote walitoka nje ili Tomasi aungame, kwa kutikisa kichwa na kubana vidole, kisha wakaitwa ndani kwa mpako wa wagonjwa. Padri alimpaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Alimega kipande kidogo sana cha hostia, akakilowesha kwa maji kwenye kijiko. Tomasi alimeza. Francisca, aliyekuwa amepiga magoti, alitegemea kuona amani usoni mwake, na kweli aliiona, lakini baada ya kitambo kidogo macho yakarudi mlangoni.

Walitoka uani. Francisca akaleta viti na ndizi za kuchoma. Padri alikula kama mtu ambaye hajala tangu alfajiri.

"Kidonda chake kimetunzwa vizuri sana," padri akasema. "Mtu wa kiharusi miaka mitatu, na bado yuko hivyo. Ulijifunza wapi?"

"Si mimi, Baba. Ni mwanamke aliyekuwa naye Lusahunga."

"Yuko wapi?"

Francisca alimtazama Idefonsi. Idefonsi akasafisha koo. "Amerudi kwake, Baba Padri. Ilibidi watengane ili mgonjwa apokee sakramenti. Nilisimamia mwenyewe."

Padri aliweka ndizi chini. "Kwa nini ilibidi?"

"Sheria, Baba. Walikuwa wanaishi bila ndoa, naye ana mke."

"Mwalimu, huyu mtu ana miaka mitatu hawezi kugeuka kitandani."

"Ndiyo, Baba."

"Basi walikuwa wanatenda dhambi gani?"

Idefonsi aliigeuza kofia yake mapajani. Kuku alipita katikati yao akidonoa maganda.

"Mtu akiwa katika hali ile," padri akasema polepole, si kwa ukali, "akatubu, na wakaishi kama kaka na dada, kukiwa na sababu nzito ya kutotengana, anaweza kupokea. Kumtunza mgonjwa ni sababu nzito. Katika hatari ya kufa ndiyo kabisa. Padri wa kule angeweza kwenda kumpaka mafuta kitandani kwake. Ungenipigia tu simu."

"Nilifundishwa hivyo, Baba. Kozi ya makatekista, mwaka tisini na tatu. Walisema asiyeachana hapokei."

"Walikufundisha nusu."

Alisema na mara akajuta, ilionekana. Akamshika mzee mkono. Idefonsi aliangalia mkono ule kana kwamba si wake.

Kitu kilikuwa kikipanda kifuani mwa Francisca taratibu, na alipokifungulia mdomo, kilitoka kama swali la kawaida.

"Na nusu yangu mimi, Baba?"

"Ipi, mama?"

"Mimi nilikatazwa kuolewa. Miaka kumi na minane iliyopita. Niliambiwa alichokiunganisha Mungu."

"Hilo ni kweli. Ndoa halali haivunjwi na mwanadamu, hata mimi siwezi, hata askofu." Padri akasita. "Mliunganishwaje?"

Akamweleza. Hakuwa ameyasimulia hayo kwa miaka mingi. Alikuwa na miaka ishirini, na mimba ya Priscila ya miezi sita. Tomasi alikuwa amekimbilia kwa wajomba zake. Kaka zake Francisca, Kazimili na Gidioni, walimfuata na mapanga, wakamleta asubuhi ya Jumamosi, wakasimama nyuma yake kanisani mpaka aliposema ndiyo. Francisca mwenyewe, baba yake alimwambia kwamba akikataa asirudi nyumbani. Padri wa wakati ule alikuwa na haraka. Ndoa saba zilifungwa siku hiyo.

"Mwalimu alijua haya?" padri akauliza.

"Kila mtu alijua," Francisca akasema. "Walitania kwenye harusi."

Padri Marcel alisogeza kiti karibu naye. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini.

"Ndoa inahitaji hiari. Mtu akisema ndiyo kwa kuogopa panga, Kanisa linaweza kutamka kwamba ndoa haikuwapo tangu mwanzo. Kuna mahakama ya jimbo kwa ajili hiyo. Shauri lako lilikuwa la kupelekwa huko. Siwezi kusema wangeamua nini. Lakini huenda…"

"Huenda," Francisca akasema.

"Huenda, mama."

Francisca aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda mahali ambako hana tena shida nako. Akakusanya maganda ya ndizi, akayapeleka kwenye shimo la taka, akarudi, akawauliza kama wataongeza maji ya kunywa.

*

Jioni hiyo hiyo alimwomba Idefonsi namba, akampigia Kwandu.

"Amekufa?" ndilo neno la kwanza Kwandu alilosema.

"Hapana. Njoo."

"Yule mzee wenu je?"

"Njoo tu."

Kwandu alifika kesho yake mchana, na begi moja na furushi la vitambaa vya kufungia kidonda. Aliingia chumbani bila kuuliza, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Tomasi alitoa sauti ambayo Francisca hakuwa ameisikia tangu alipoletwa, na kwa muda kidogo upande mmoja wa mdomo wake ukacheka. Alikunywa uji vijiko kumi na viwili.

Baada ya kumgeuza, wanawake hao walikaa jikoni.

"Dada," Kwandu akasema, "wiki ile mliniambia niondoke, Mungu amesema. Leo unaniita. Mungu amebadilisha maneno?"

"Hakubadilisha. Sisi hatukusikiliza mpaka mwisho."

Kwandu alichochea moto. "Nami niliondoka nikijua nimemuua. Nilishindwa hata kupika."

"Sikukuita kwa wema," Francisca akasema. "Usinishukuru. Mgongo umeniishia. Na yeye alikuwa anaangalia mlango mpaka ananichosha."

Kwandu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Francisca alichukua sufuria, akaiweka chini, akaamua kulisema.

"Lile neno lake. Ulikuwa unampa maji."

"Ndiyo."

"Haombi maji. Anasema *mbabarira*. Anaomba asamehewe."

Kwandu alikuwa amempa maji miaka mitatu, mchana na usiku, kikombe kwa kikombe, akimshikia shingo.

"Asamehewe na nani?" akauliza hatimaye.

"Sijui. Labda mimi. Labda wewe, kwa kukuacha peke yako na kazi hii. Labda Mungu. Hakusema."

"Basi kwa nini maji yalimnyamazisha?"

Francisca alilifikiria swali hilo. "Labda aliona umemjibu," akasema.

Kwandu alijifunika uso kwa khanga, akalia bila sauti. Francisca hakumgusa. Alimenya viazi.

Wanawake wa jumuiya walikuja Jumapili, wakamkuta Kwandu anafua mashuka. Hawakuingia. Jumanne mmoja wao alikuja kusema kwamba watu wanashangaa, mwenyekiti anaishi na hawara wa mumewe. Francisca alimwambia kwamba kama wanataka mwenyekiti mwingine, daftari la mahudhurio liko juu ya kabati, alichukue. Mwanamke yule hakutegemea. Alilichukua, akaondoka nalo kwapani.

Idefonsi alikuja siku mbili baadaye, kwa miguu. Alikataa kiti.

"Nimekuja kwa jambo moja," alisema. "Niliwaambia watu kwa jina la Mungu mambo ambayo Mungu hakuyasema. Nimejaribu kuwakumbuka wote. Siwakumbuki wote. Wewe nakukumbuka."

Miaka yote Francisca alikuwa amemwogopa mzee huyu. Sasa alimwona ni mtu wa rika la baba yake, mwenye goti bovu, aliyetembea kilomita nne juani.

"Mwalimu, sina nguvu za kukukasirikia," alisema. "Ningekuwa nazo, ningekukasirikia. Kaa unywe maji."

"Hunisamehi?"

"Sijafika huko. Kaa."

Akakaa.

*

Tomasi alikufa wiki ya nne tangu aletwe, asubuhi, wakati Kwandu anamnyoa ndevu na Francisca anashikilia beseni. Hakukuwa na neno la mwisho. Alivuta pumzi, akaitoa, na Kwandu akabaki na wembe hewani akisubiri nyingine.

Walimwosha pamoja. Shangazi mmoja wa ukoo alianza kusema kwamba mwanamke wa nje hapaswi kugusa maiti ya mtu wa ndoa. Idefonsi, aliyekuwa mlangoni, akamwambia, "Mwache." Shangazi akauliza ni sheria gani hiyo. Idefonsi akasema, "Sijui ni ipi. Mwache."

Priscila alifika kutoka Kakonko na watoto wake wawili. Juvenali alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Walipomaliza kufukia, alinawa mikono, akaja kwenye mkeka ambapo Francisca na Kwandu walikuwa wamekaa bega kwa bega, akachuchumaa.

"Pole sana, Francisca."

"Asante, Juvenali. Mmechoka na ardhi hiyo, ina mawe."

"Kidogo tu."

Mvi zilikuwa zimemjaa. Nyuma yake, Nyirabahizi alikuwa anagawa uji, amembeba mtoto wao wa mwisho mgongoni. Francisca aliona kwamba angeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu: huenda hatukuwa tumekatazwa. Aliishika mdomoni, akaona itakachofanya. Ingempa mtu huyu mwema kitu cha kukaa nacho usiku karibu na mke wake, kwa miaka yote iliyobaki. Akaimeza.

"Wasalimie watoto," akasema.

Kwandu alikaa mpaka siku ya kuanua matanga, kisha akarudi Lusahunga. Madereva walikuwa wanampigia kuuliza kama amefunga kabisa. Hawakuahidiana kutembeleana. Siku aliyoondoka Francisca alilala kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na alipoamka hakujisikia amepumzika. Alijisikia tu kwamba hakuna anayemsubiri amgeuze.

Mvua za vuli zilipoanza, alikuja Yuster, binti wa jirani, mwenye watoto wawili. Mume wake, aliyekuwa wakala wa forodha mpakani Rusumo, alivuka kwenda ng'ambo miaka minne nyuma na hakurudi. Sasa kulikuwa na mwanamume aliyemposa.

"Nilikwenda kwa Mwalimu Idefonsi," Yuster akasema. "Nilijua atanifukuza. Nimemweleza yote, akaniuliza niliolewaje, nani alikuwapo, kama nilitaka. Kisha akasema hajui. Mama, mimi sijawahi kumsikia Mwalimu akisema hajui. Akasema niende parokiani, nisiende peke yangu, nije kwako."

"Alisema kwangu?"

"Alisema wewe utajua cha kuuliza."

Francisca alitazama uani. Matone yalikuwa yanapiga majani ya mgomba. Parokia ilikuwa mwendo wa saa tatu, nusu yake kupanda mlima, na mgongo wake bado haujanyooka tangu Tomasi. Aliwaza kumwambia aende na mama yake. Aliwaza kumwambia asubiri kiangazi.

"Padri anaweza kukwambia hapana," alisema. "Nikupeleke, halafu iwe hapana. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na ikiwa ndiyo, itachukua muda mrefu. Wanaandika, wanaita mashahidi."

"Naelewa, mama."

"Hakuna unachokielewa," Francisca akasema, lakini bila ukali, na akaanza kutafuta viatu vyake vya mvua. Kimoja kilikuwa chini ya kitanda, upande wa ukutani, na ilimchukua muda kukifikia. Yuster alitaka kuinama amsaidie. Francisca alimkataza kwa mkono, akakivuta mwenyewe, akakaa kidogo kitandani kupata pumzi, kisha wakatoka.

Walipofika kwenye mwinuko wa kwanza mvua iliongezeka. Yuster alikuwa anaongea bila kukoma, anaeleza tarehe, majina, nani alisema nini siku ya harusi. Francisca alimwambia anyamaze kwanza, ayapange vizuri kichwani, aanze na lile lililo la kweli zaidi. Wakaendelea kupanda, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu njia ilikuwa nyembamba na imejaa utelezi.